Kruzi ndefu ya Hawaii mpaka Polinesia ya Ufaransa: visiwa gani vina snokeli ya maana

Wakuu, kama unafikiria kuchukua zile kruzi ndefu za Pasifiki zinazotoka San Diego kule California, zinagusa Hawaii afu zinashuka mpaka Polinesia ya Ufaransa na kurudi, na kinachokupeleka hasa ni kuvaa maski na mrija uelee juu ya maji ukaone samaki, yani snokeli, hii riviu ni yako. Jina la meli naliacha, naongelea vituo na maji yake. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo iliyopungua ni kwa sababu ya muda mnaopewa nchi kavu, ntaeleza huko chini.

Kwanza jua kwamba bahari ni nyingi kweli kweli. San Diego mpaka mji wa Hilo, Hawaii, ni kama maili 2,200 za baharini, siku kama tano huoni kisiwa, na ukitoka Hawaii kuvuka ikweta kwenda kusini unakaa tano zingine hivi. Kuna waliokuwa wanalalamika wamechoka, mi nilizipenda hizo siku, nenda deki ya chini upande wa mbele asubuhi uangalie panzi wa baharini wanavyochomoka majini meli ikiwakurupua, na kuna ndege wakubwa wanafuata meli kwa ajili hiyo tu, wanakunja mbawa wanashuka kama mshale. Yani unaweza kukaa hapo mpaka chakula cha mchana.

Hawaii ni nzuri lakini kwa snokeli ichukulie kama mazoezi. Kituo cha Hilo usihangaike na maji, nenda kaone volkano. Kituo cha Kona ndo penyewe, hasa ukipata boti ya kwenda ghuba ya Kealakekua, pale Kapteni Cook alipouawa mwaka 1779, maji yana mwanga mpaka chini na matumbawe yanaanzia karibu kabisa na miamba ya ufukweni. Kasa utawaona, wapo tele, ila usimsogelee, wenyeji wanasema angalau mita tatu na wako serious, na pomboo wale wanaojizungusha hewani sheria ya tangu 2021 inataka mita 45 hivi. Kingine, mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni au oktinoksati hayauzwi Hawaii tangu Januari 2021 kwa sababu yanadhuru matumbawe, kwa hiyo nunua ya zinki mapema, au bora zaidi vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, maana mgongo ndo unaungua ukiwa umelala kifudifudi juu ya maji, na mafuta yenyewe yanatoka haraka.

Nuku Hiva, visiwa vya Marquesas, nasema kwa kifupi: milima yake ni ya ajabu, ila mwamba wa matumbawe pale ni kidogo sana, maski iache kabini. Vaa suruali kwa sababu ya vile vijidudu vinavyouma vinaitwa nono, na usishangae saa kusogezwa kwa nusu saa, ndo saa zao.

Sasa Rangiroa. Jamani. Nauli yote mi naona ililipwa hapa. Hiki si kisiwa cha mlima, ni pete ya visiwa vidogo vya matumbawe imezunguka maji ya ndani, na hayo maji ya ndani ni makubwa mpaka ng'ambo huoni. Bahari inaingia na kutoka kwa milango miwili mikubwa, Tiputa na Avatoru, na hapo ndo penye siri yote ya snokeli ya huku. Maji yakiwa yanaingia, mkondo unakubeba kutoka nje kukuleta ndani, boti inakufuata nyuma taratibu, wewe hupigi hata teke, unapita tu juu ya ukuta wa matumbawe samaki wanakatiza chini yako. Maji yakiwa yanatoka ni hadithi nyingine, mkondo unapambana na mawimbi ya nje, maji yanainuka mawimbi na kuchafuka, na ukiwa humo unapelekwa bahari kuu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye boti si bei, ni saa ngapi maji yanaingia leo. Ukiona anajibu kwa kubabaika tafuta mwingine. Na mawimbi yanayopiga juu ya mwamba upande wa nje nayo yanajaza maji ndani, hayo yote lazima yatoke nje kwa milango hiyo hiyo, ndo maana muda wa maji kutoka unaweza kuwa mrefu kuliko ulivyotegemea ukiangalia jedwali la kupwa na kujaa peke yake.

Kwa wasiojiamini kuna sehemu wanaiita Akwariamu, karibu na hako kamotu, yani kakisiwa kadogo, kalikokaa ndani ya mlango wa Tiputa. Maji yametulia, kina kidogo. Mi nilikaa pale nikiangalia mkunga mmoja katoa kichwa kwenye tundu, anafungua mdomo anafunga, anafungua anafunga, watu pembeni wanarudi nyuma kwa woga wakidhani anatishia kumbe anapumua, ndivyo anavyopitisha maji kwenye matamvua. Ukinyamaza, ukapunguza kupumua kwa nguvu kwenye mrija, unasikia pono wanavyotafuna matumbawe, sauti kavu kama mtu anatafuna bisi chumba cha pili. Baadaye mchanga mweupe unamtoka kwa nyuma, kawingu kadogo, na sehemu kubwa ya mchanga wa fukwe hizi inatengenezwa hivyo. Jioni kabla ya meli kuondoka simama deki ya juu upande wa mlango, maji yakitoka pomboo wanakuja kuchezea yale mawimbi yaliyosimama, wanaruka kabisa mwili mzima.

Fakarava nayo iko kundi moja na Rangiroa, visiwa vya Tuamotu, ni hifadhi ya baiosfia ya UNESCO. Meli inaingia kwa mlango wa kaskazini, Garuae, inatia nanga kijiji cha Rotoava. Wengi wanakuja wamesoma habari za ule ukuta wa papa, yani kundi kubwa la papa waliojaa sehemu moja, sikilizeni, huo uko mlango wa kusini, Tumakohua, na kisiwa kina urefu wa kama kilomita 60, kwa boti ya kasi ni saa moja na zaidi kwenda tu. Meli ikiondoka mapema usijaribu kwenda kwa boti ya kujitafutia. Snokeli ya karibu na Rotoava inatosha na haina watu.

Na papa msiwaogope hivyo. Wale wa kwenye maji mafupi, wenye ncha nyeusi kwenye pezi, wanakuja wanakupitia wanaenda zao. Tangu 2012 papa wa aina zote wanalindwa kwenye bahari yote ya Polinesia ya Ufaransa, ndo maana wapo wengi. Kisiwa cha Moorea utasimama maji ya kiunoni, samaki taa wanakuja kukugusa miguu, ngozi ya juu ya bawa ni laini mno, ila mkia una mwiba, kwa hiyo usinyanyue miguu na kukanyaga ovyo, iburuze kwenye mchanga wasikie unakuja. Na tafadhali ukiona boti inamwagia samaki chakula ili wajae usiishabikie.

Bora Bora? Ni nzuri kwa macho, ule mlima Otemanu na rangi ya maji hakuna picha inayotosha. Kwa matumbawe mi naiweka nyuma ya Rangiroa, tena mbali. Kitu kizuri tangu 2022 wameweka kikomo, meli zisizidi abiria 1,200 kwa siku, kwa hiyo ukiona meli yako ni kubwa sana uliza kwanza kama inaingia kweli.

Sasa malalamiko. Visiwa vingi hivi meli haifungi gatini, mnashushwa kwa boti ndogo, na waliokata tiketi za matembezi yanayoandaliwa na meli ndo wanashuka kwanza. Tuliojitafutia wenyewe tulisubiri Moorea zaidi ya saa nzima na namba ya foleni mkononi, huku muda wa kurudi haujasogezwa hata dakika. Umelipa kruzi ya karibu mwezi halafu kisiwa kizuri kuliko vyote unapewa saa chache, inauma. Matembezi ya meli ni ghali na watu wengi kwenye boti moja, ila boti yao ikichelewa meli inawasubiri, ukiwa wa kujitafutia haikusubiri, hilo lipime mwenyewe kisiwa kwa kisiwa. Mi ningelipia ya meli Fakarava peke yake, kwingine boti za wenyeji ni ndogo, kapteni anaujua mkondo, na mnakuwa wachache. Beba faranga za Pasifiki mkononi, euro moja ni faranga 119.33 haibadiliki, Rangiroa usitegemee kadi.

Maski za kukodi melini zilikuwa zimechoka, raba imekakamaa, zinaingiza maji. Nunua yako kabla. Iweke usoni bila kamba, vuta hewa puani, ikishika bila kuanguka hiyo inakufaa, ikianguka rudisha hata kama ni nzuri vipi. Mapezi ya miguu chagua mafupi, kwenye maji mafupi kama bustani ya matumbawe ya kisiwa cha Taha'a marefu yanavunja kila kitu chini yako.

Mwisho kabla hujalipa, usiangalie idadi ya visiwa kwenye ratiba, angalia meli inafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, na kama Rangiroa na Fakarava zote zipo. Kuna ratiba zimeweka mji mkuu Papeete siku mbili na Rangiroa mpaka saa nane mchana tu, hiyo mi nisingeichukua.