Ratiba ya saa moja asubuhi, na mama yangu katikati ya mikoko ya Siyu

"Mama, kwani ulitaka mashua au ulitaka ndege?"

Hayo ndiyo majibu niliyopewa kwenye simu na mtu ambaye pesa zangu alikwisha kuzipokea. Mimi wakati huo nimeketi kwenye mashua iliyolala upande juu ya tope, mikoko kulia, mikoko kushoto, jua la saa tano linachoma, na mama yangu mzazi yuko kando yangu. Nimejaribu kutulia kabla ya kuandika haya. Sijatulia.

Jina la ofisi siliandiki. Aliyewahi kupita ufukoni Lamu anajua vibao vya safari za mashua ni vingi, na ninayoyasema hayamhusu mmoja peke yake. Ninachotaka ni kwamba anayepanga safari kama hii ajue mambo yanavyoharibika kabla hajatuma arubuni.

Safari yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kutoka Lamu mjini tupite Mkanda, ile njia nyembamba ya maji kati ya Manda na bara, tutokee Ghuba ya Manda, tulale Mtangawanda kwenye kisiwa cha Pate, kesho yake tuingie Siyu, mji wa kale wa kisiwa hicho hicho, halafu tukirudi tupitie magofu ya Takwa. Mama ana asili ya Siyu kwa upande wa bibi yake na alikuwa hajawahi kufika. Ilikuwa mwishoni mwa kaskazi, ule upepo utokao kaskazini-mashariki, haujageuka bado. Tulikuwa mimi, mama, na wanangu wawili wa kiume. Hatukutaka anasa. Tulitaka chombo kizuri, mtu anayejua maji, na kufika mchana.

Sasa, asiyeijua pwani ile anaweza kudhani bahari ni bahari. Ndani ya visiwa vya Lamu mambo ni mengine. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huko, na njia nyingi za vijijini hupita humo humo, juu ya tope na mafungu ya mchanga. Takwa, yale magofu ya Manda, ukienda kwa njia ya mikoko unafika maji yakijaa tu. Siyu nayo iko ndani kabisa, ngome yake inatazama mkono wa maji ambao saa kadhaa za siku si maji tena. Maji kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Bamvua, yaani zile siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, likiwa limeshika, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mita 3! Mahali ambapo mashua ilielea alfajiri, asubuhi utamwona kaa anatembea.

Na bamvua lina saa zake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa kwenye saa kumi na kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa katikati ya asubuhi. Kila mvuvi anajua. Mtoto wa Lamu anayeogelea gatini anajua. Basi naomba mtu anieleze: ofisi inayouza safari za mashua, inayokaa hatua chache kutoka majini, inaandikaje kwenye karatasi kwamba siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo tuondoke Mtangawanda saa moja asubuhi na tufike Siyu saa tatu?

Niliuliza. Hilo nataka lieleweke. Wakati wa kupanga niliuliza waziwazi, "Hizi saa mmeziangalia na maji?" Nikaambiwa ratiba imepangwa na wataalamu, nisiwe na wasiwasi. Baadaye nikaelewa ratiba hiyo ni ile ile, mwezi uwe mwembamba au mpevu, kwa sababu chakula cha Siyu huagizwa saa sita na mashua inatakiwa kurudi kuchukua wageni wengine.

Jioni ya kuamkia siku ile nahodha alinifuata taratibu, akasema, "Mama, kesho mai yatatoka mapema. Twendeni na alfajiri, ama tungoje alasiri." Mzee mpole, mtu wa Kiamu hasa, mikono imekakamaa kwa kamba. Nikamwambia wewe ndiye nahodha, sema tutoke saa ngapi. Akapiga simu ofisini aombe ruhusa. Nilisikia upande wake tu wa mazungumzo: "Ndiyo... ndiyo... lakini bamvua... sawa bosi." Akakata simu, akatazama chini, akasema tutatoka saa moja.

Saa mbili na ushei, ndani ya mkono wa Siyu, mashua ikagusa. Vijana wa nahodha wakaruka na pondo, ile miti mirefu ya kusukumia chombo, wakasukuma, tope likawafika mapajani. Maji yalikuwa yanakimbia kwa macho yako unayaona, yanachuruzika kwenye mizizi ya mikoko kuelekea nje. Dakika chache tu na chombo kimekaa kitako, kisha kikalala upande. Kukwama maji yakijaa si taabu, unangoja kidogo chombo kinanyanyuka. Kukwama maji yakipwa ni kungoja yaishe yote, kisha yarudi yote. Tulikaa pale mpaka karibu saa nane.

Mama yangu ana sukari. Anayemjua mgonjwa wa sukari anajua anahitaji kwenda haja mara kwa mara. Mwanamke wa miaka yake, amevaa buibui, kwenye mashua iliyolala upande, wanaume ndani yake, na nje ni tope ambalo ukikanyaga hutoki. Alikaa kimya muda mrefu akinishika mkono. Alipoona hawezi tena alinong'ona, na alikuwa anatokwa machozi. Mama yangu, mtu ambaye sikumwona akilia hata siku tulipomzika baba.

Nahodha ndiye aliyeelewa kabla sijafungua mdomo. Akawaita vijana wake na wanangu wote waende omo, mbele ya chombo, wageuke watazame mbele, akawapa kazi ya kufungua na kufunga kamba ambazo hazikuwa na haja ya kufunguliwa. Akatoa tanga la akiba, akalitundika kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, likafanya pazia upande wa tezi, nyuma ya chombo, akaweka ndoo na maji safi, naye akaenda huko omo, akageuka, akaanza kukohoa kwa sauti na kusimulia vita vya Shela ili wote wasikilize. Inavyosimuliwa, mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walikuja kuipiga Lamu, wakashindwa Shela, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yametoka, vyombo viko juu. Wanangu wanaikumbuka hadithi ile mpaka leo. Mimi nakumbuka kwa nini ilisimuliwa.

Kisha akalihamisha tanga likawa kivuli juu ya mama. Akawasha jiko lake la mkaa lililokaa kwenye sanduku la mchanga, akapika chai ya tangawizi bila sukari, akatupa mkate wa mofa na samaki wa kukaanga aliokuja nao yeye kutoka kwake. Chakula chetu cha kulipiwa kilikuwa Siyu, kinapoa.

Hapo ndipo nilipopiga simu. Sikutukana. Nilisema tumekwama, nina mgonjwa, naomba mtume boda boda upande wa Siyu na watu wa kutusaidia kumshusha mama. Nikajibiwa hayo ya mashua na ndege. Nikauliza tena, nikaambiwa "mikoko ndiyo safari yenyewe, furahini." Simu ikakatwa.

Furahini.

Na nahodha pia nina neno naye, nalisema kwa heshima. Alijua. Aliyasoma maji jioni yake, akayasema, kisha akatii mtu aliyekaa kwenye kiti Lamu. Usukani ulikuwa mkononi mwake. Kama mtu mmoja angesema "sitoki," mama yangu asingelia. Nilimwambia hivyo mwenyewe tulipokuwa tunangoja. Hakujitetea. Alisema mashua si yake, ni ya ofisi, na aliyebisha kabla yake hana kazi sasa. Hasira zangu zikaniishia kwa upande wake, zikaenda zote kule zilikostahili. Ofisi inamiliki mbao na mashine, haimiliki maji, halafu inamnyang'anya neno mtu pekee anayeyajua.

Maji yaliporudi yalirudi kwa upole, na hapo lazima niseme kweli. Kuingia Siyu na maji ya kujaa ni kitu kizuri kuliko nilivyotazamia. Mikoko inazama kidogo kidogo, ndege weupe wanahama matawi, mkono unapanuka, na ngome inatokea mbele yako pale pale majini. Mama alishuka kwa miguu yake. Akaenda kugusa ukuta. Tuliwakuta watu wanaojua jina la ukoo wa bibi yake, wakatukalisha, wakatupikia upya, wakakataa pesa. Mzee mmoja akatueleza habari za Bwana Mataka, aliyeongoza Siyu kupinga majeshi ya Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, miaka ya 1840. Mama alicheka siku ile ile aliyolia. Kwa saa ile ningeisamehe ofisi, nilikwisha kuisamehe moyoni.

Basi tuliporudi Lamu nikaenda ofisini kwa roho safi, nikitaka waseme pole tu, na wanirudishie kiasi cha ule mchana uliopotea. Kijana yule wa simu alikuwepo. Hakusimama. Hakumsalimia mama, mtu wa makamo ya bibi yake, hata shikamoo! Akaniambia, "Wageni wa ng'ambo hupita njia hiyo hiyo na hawaulizi maswali mengi hivi." Mbele ya mama. Kwenye mji wa mama. Kwa hiyo mgeni wa mbali akikwama haulizi kwa sababu hajui, na sisi tunaojua tunaonekana wasumbufu. Msamaha wote ukanitoka pale pale mlangoni.

Nilianza kuandika nikitaka kusema msiende. Nafuta hilo. Nendeni, lakini pangeni wenyewe. Angalieni mwezi kabla ya kuangalia tarehe ya likizo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki sana lakini pia hayaingii sana, na mkono kama wa Siyu waweza usikupeni kina cha kutosha. Siku za bamvua kina kipo, ila ni alfajiri na jioni, katikati ya asubuhi msithubutu. Mimi nikirudi nitachagua siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua, maji yajae kwenye saa moja na saa mbili asubuhi, niingie yangali yanapanda. Ulizeni mashua inataka maji kiasi gani ikiwa na watu na mizigo. Kaskazi likivuma, kumbukeni mnakwenda kinyume chake, na ndani ya mkono mwembamba hakuna nafasi ya kwenda bisho, yaani kupanda upepo kwa kukata huku na huku, kwa hiyo mashine na mafuta viangaliwe kabla ya kung'oa nanga. Kama mna mzee au mgonjwa, semeni mapema, na mkague choo cha chombo kwa macho yenu.

Na zaidi ya yote, ongeeni na nahodha kabla ya kulipa, uso kwa uso, gatini. Saa za kutoka azitaje yeye na mwenye ofisi akisikia. Mwenye ofisi akisema ratiba haibadiliki, ondokeni na pesa zenu.

Nahodha wetu nampa alama zote, pamoja na lile neno langu. Ofisi siipi hata moja. Pesa niliyodai haijarudi, na kila nikipiga simu inaita mpaka inakatika.