Tarkan kwa shilingi 5,000

Kibanda cha kupakia nyimbo, Kisenyi, Kampala, nyuma ya muuza rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai). Niliomba Tarkan, mwimbaji wa pop wa Kituruki, nikajazwa flashi kwa 5,000. Kijana anamjua kuliko mimi: wazazi Waturuki waliohamia Ujerumani, akazaliwa Alzey mwaka 1972, wakarudi Uturuki 1986. "Şımarık" ya 1997, ile yenye sauti za busu, inatoka safi. Kwenye teksi yangu hata mama mwenye kuku mapajani alibusu hewani. Kituruki hatukijui, nani anajali?

Kasoro: wimbo wa kumi na mbili ni tangazo la dawa ya mende. Nikarudi nimenuna. "Mzee, hiyo bonasi," akacheka, akaufuta bure. Majina ya nyimbo lakini hakuandika hata moja.