Kibanda cha Meku, Mbuyuni: vitabu vya kukodi na kona zilizokunjwa

Bei kwanza, maana ndilo swali ninaloulizwa kila nikimtaja Meku. Kitabu chembamba shilingi 500 kwa wiki, kinene 1,000, na amana ya 3,000 unayorudishiwa siku ukileta kitabu kikiwa na majalada yote mawili. Ukitaka kununua kabisa mnaelewana, ila usijisumbue kuomba punguzo kwenye riwaya. Biolojia ya kidato cha pili atakupunguzia, riwaya hapunguzi. Kibanda chenyewe ni cha mbao na bati, upande wa soko la Mbuyuni hapa Moshi, kati ya fundi viatu na kijana wa chaja za simu. Hakina jina wala kibao. Mwenyewe tunamwita Meku, yaani mzee kwa Kichaga, hata wateja ambao Kichaga chao kinaishia hapo, naye anaitika.

Mimi nashona sare za shule, na naandika riwaya. Mbili zimeshatoka, ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi sasa. Naandika alfajiri, kuanzia saa kumi na moja mpaka watoto waamke, kwa kalamu ya wino wa bluu kwenye kaunta buku nene. Usiku, cherehani zikishafunikwa, nachapa yaleyale kwenye simu kwa kidole gumba. Januari siandiki kabisa. Wazazi wote wa mji huu wanataka sketi na kaptula kwa siku moja. Mwandishi wa namna hiyo hana hela ya kununua kila anachotaka kusoma, na maktaba inafungwa kabla mimi sijafunga duka. Meku anakaa na taa yake ya sola mpaka saa mbili usiku.

Ana rafu tatu. Ya chini ni vitabu vya shule, na hiyo ndiyo inayolipa ushuru. Ya kati ni vile vinavyoachwa na wazungu wanaopanda mlima: upelelezi na mapenzi ya Kiingereza, vingine Kijerumani, kimoja nadhani ni Kiholanzi na kimekaa pale miaka bila kuguswa. Ya juu ndiyo rafu yangu, Kiswahili, na ni fupi kuliko zote. Nyingi ya riwaya zake ziliwahi kuwa vitabu vya kiada, kwa hiyo zimejaa maandishi ya wanafunzi. Nakala ya Kichwamaji niliyoikodi mara ya mwisho ilikuwa na kalamu nyekundu ukingoni karibu kila ukurasa: “mbinu rejeshi”, “taharuki”, “ukengeushi”. Mahali fulani katikati mwanafunzi yuleyule, naona alikuwa amechoka, ameandika “falsafa ya mwandishi: hana”. Nilicheka peke yangu kwenye hiace ya Majengo mpaka konda akanitazama.

Kichwamaji ni ya Kezilahabi, ilitoka 1974, na nairudia kila nikianza kazi mpya. Kazimoto anasimulia mwenyewe, msomi wa chuo kikuu anayerudi kwao kijijini na kukuta hana pa kuuweka usomi wake. Ninachokipenda humo ni namna asivyojitetea. Anasema jambo la aibu kwa sentensi fupi, halafu anaendelea na chakula au njia. Watu wengi wanamkumbuka Kezilahabi kwa Rosa Mistika ya 1971, ile iliyowahi kuzuiwa isisomwe shuleni kisha ikarudi kuwa kitabu cha mtihani. Ni nzuri, lakini kwangu Kazimoto ndiye mwalimu.

Sasa nifike kwenye kitu kinachofanya kibanda hiki kiwe tofauti. Meku ana sheria moja. Ukisoma, kunja kona ya ukurasa ulipoishia. Ukimaliza kitabu, rudi ukaikunjue kona yako. Ukishindwa kumaliza, iache ilivyo, rudisha kitabu, chukua amana yako, hakuna maswali. Naye haikunjui. Kwa hiyo kila riwaya ya kukodi pale inabeba kumbukumbu ya mahali watu walipoitupa. Inua kitabu usawa wa macho, kitazame kwa upande wa kurasa, utaona tabaka za makunjo. Zingine zimekaa pamoja, nne, tano, kwenye kurasa mbili tatu tu.

Nimesoma makunjo hayo kuliko nilivyowahi kusoma mapitio yoyote. Nagona, riwaya nyembamba ya Kezilahabi ya 1990, imekunjwa kila mahali. Kona ya juu imevimba, kitabu hakifungiki sawasawa. Siwalaumu. Mimi mwenyewe naipenda kwa kuiogopa, na naisoma kurasa mbili mbili. Za Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule mpelelezi wa kiko, hazina kunjo hata moja baada ya robo ya kwanza. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka 1960 na wateja wa Meku bado wanaimaliza. Za Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, Meku anasema zinarudi baada ya siku mbili, zikiwa zimesomwa na nyumba nzima kwa malipo ya mtu mmoja. Hilo linamuuma.

Iliyonipa kazi kubwa kichwani ni Vuta N’kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Tangu filamu yake itoke 2021 inakodiwa sana, na si na wanafunzi peke yao. Makunjo yake yote yako mwanzoni. Baada ya Yasmin kumkimbia mume wake mzee, hakuna aliyeacha. Nilikaa na nakala ile kwenye benchi la Meku nikitafuta sababu. Uandishi ni uleule, mtulivu, wa mtu anayejua mitaa yake. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia pale Yasmin hana kwake. Msomaji hawezi kumwacha mtu barabarani. Anataka ajue usiku huu atalala wapi, nani atamfungulia mlango, na kesho atakula nini. Siasa zote zilizomo, na zimo nyingi, zinaingia kwa mlango huo.

Nilirudi nyumbani nikafungua mswada wangu. Riwaya yangu inatokea ndani ya wiki moja ya Desemba, wakati Wachaga wa Dar, Mwanza na kwingineko wanapandisha kwao kula Krismasi. Mhusika wangu anafika Kibosho na begi, kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha kitindamimba kama desturi ilivyo, na chumba alichokulia kimejaa magunia ya mbolea ya kaka yake. Hilo la chumba lilikuwa linatokea mwishoni mwa sura ya pili. Sasa liko ukurasa wa pili.

Halafu nikamwomba Meku jambo ambalo halimo kwenye orodha ya huduma zake. Nilichapisha sura nne za mwanzo pale kwenye vibanda vya stesheneri, shilingi 100 kwa ukurasa, nikafunga kwa spairo, jalada la manila ya kijani, bila jina. Nikasema, “Shikamoo Meku. Naomba hii uwape watu bure pamoja na kitabu wanachokodi, kwa sheria ileile ya kona.”

“Marahaba. Imeandikwa na nani?”

“Na mtu.”

Akapima uzito wake mkononi kama anavyopima kila kitabu, akaiweka rafu ya juu. Aliisoma yeye kwanza, nadhani usiku uleule, maana nilipopita tena aliniita kabla sijamsalimia. “Mama, huyu mzee wa kwenye sura ya tatu anahutubia kama mkutano mkuu wa ushirika.”

Mzee mwenyewe ni baba wa mhusika wangu. Nilikuwa nimempa kurasa sita za historia ya KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kutoka 1933 ilipoundwa mpaka bei za kahawa zilipowavunja moyo wakulima wakaanza kung’oa mibuni na kupanda nyanya. Ni mambo ya kweli, na nayajali. Babu yangu alikuwa mwanachama. Mswada ulipokuwa unarudi, makunjo yalijipanga humohumo, yote ndani ya hotuba ile. Nimemwachia mzee stakabadhi moja tu ya mauzo ya kahawa, aliyoificha ndani ya Biblia, na binti anaiona anapotafuta mahali pa kuweka miwani yake. Mengine nimeyatoa.

Kuna kunjo moja nimekataa kulitii. Ni pale dada wawili wanapomenya ndizi za mtori bila kuongea, ukurasa mzima na kidogo, kisu kinapita, maganda yanaanguka kwenye beseni, utomvu unawashika vidole. Watu wawili waliachia hapo. Wasamehewe. Mengine lazima msomaji avumilie, na kama havumilii, Willy Gamba yupo rafu hiyohiyo.

Peponi Meku anayo lakini haikodishi. Ni tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Unaisomea pale kwenye benchi, shilingi 300 kwa saa, na anakuangalia vidole. Nimeisoma kwa vipande, jioni baada ya kupeleka mizigo sokoni. Ile sehemu Yusuf anapoachwa kwenye mji mdogo chini ya mlima mkubwa wenye theluji, sisi wa Moshi hatuhitaji kuambiwa mlima gani. Kalasinga, fundi Singasinga anayetaka kutafsiri Kurani, ni mmoja wa watu ninaowaonea wivu kwamba si mimi niliyewabuni.

Lakini ukiniuliza kitabu kimoja, basi ni kile kinene cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aliumaliza mswada kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuuchapa. Akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kila nikianza kunung’unika kwamba mchapishaji hajibu ujumbe wangu, naikumbuka miaka hiyo thelathini na mitano na ninanyamaza. Kitabu kinaanza na mume na mke wasio na mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, mume anakwenda kumwomba arudi na anatozwa pombe ya ndizi. Mchaga aliyewahi kutumwa mbege za mahari ataielewa safari ile bila mwalimu. Kitereza hana haraka hata chembe, na nakala ya Meku ina makunjo machache kuliko nilivyotarajia. Watu hawajachoka kusoma vitu virefu, wanachoka kuhutubiwa.

Lawama ninazo. Riwaya za wanawake kwenye rafu ile ni chache mno. Nimetafuta Shida ya Ndyanao Balisidya, ya 1975, na Meku kila mara anasema “wiki ijayo” bila hata kugeuza shingo. Vitabu vipya havifiki, hata vile vinavyoshinda tuzo ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa 2023. Masika bati linavuja upande wa kulia, na turubai lake la nailoni linafika nusu. Wapiga debe wako hatua chache tu, kwa hiyo kusoma Peponi pale kunataka moyo.

Kisha kuna suala la kurasa zilizopotea. Baadhi ya vitabu havina mwisho, na Meku badala ya kuvitoa anaukumbuka mwisho na kuuandika kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, kisha anabandika kwa selotepu. Mwandiko mzuri, wa mwalimu wa zamani. Nilikodi riwaya moja ya upelelezi ya namna hiyo, nikaja kupata nakala kamili kwa shemeji yangu. Meku alikuwa amemuua mtu ambaye mwandishi alimwacha hai. Nilimwambia. Akajibu kwamba yule alistahili, na karatasi ipo hadi leo. Ukiona mwandiko wa mkono, uliza kwanza.

Jumapili hafungui kabla watu hawajatoka kanisani. Malipo ni taslimu au kwa simu, makato juu yako. Desemba anafunga mapema na kupanda kwao Rombo mpaka mwaka mpya upite, wakati ambao mji umejaa watu wenye nafasi ya kusoma, nimeshamweleza, hasikii. Kwa hiyo kitabu cha sikukuu kikodi kabla ya tarehe 15, na ujue amana inapanda hadi 5,000. Manila ya kijani iko rafu ya juu, mwisho kushoto, haina amana, na sura ya tano nitaiongeza nikishamaliza sare za shule moja ya Pasua.