Holosun 507C kwenye bastola ya mzee wa miaka 58

Mzee mwenzangu ambaye mkono bado una nguvu lakini jicho limeanza kukataa, kama unauliza ununue kilengeo kipi cha nukta nyekundu, yaani kile kioo kidogo cha juu ya bastola kinachokuonyesha nukta ya mwanga ya kulengea, mimi nakujibu bila kusita: Holosun 507C X2, ile yenye nukta ya MOA 2 na mduara wa MOA 32 (MOA ni kipimo cha pembe, nitakieleza mbele). Hapa Texas inauzwa kama dola 300. Kwangu imerudisha raha ya kulenga shabaha, raha niliyokuwa naiona inaniponyoka kila mwaka.

Mimi nilijifunza kulenga Mafinga, Tanzania, kwenye JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, kwa bunduki aina ya SAR. Funga jicho la kushoto, weka ncha ya mbele katikati ya mwanya wa nyuma, ikazie macho ile ncha, shabaha iache ififie. Kwa kijana wa miaka ishirini hilo si jambo. Lakini lenzi ya jicho hukakamaa na umri, na kuanzia miaka 40 hivi watu wengi huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Chuma cha mbele cha bastola kiko umbali wa mkono ulionyooshwa, pale pale ambapo gazeti linaanza kutusumbua. Ukivaa miwani ya kusomea unaiona ncha, shabaha inakuwa ukungu. Ukiivua, shabaha inarudi na ncha inapotea.

Nukta nyekundu inaumaliza ugomvi huo, kwa sababu kioo chake kimetengenezwa ili mwanga wa nukta ulifikie jicho kana kwamba unatoka mbali. Jicho linaloona mbali vizuri litaiona nukta vizuri. Kwa hiyo uwanjani vaa miwani yako ya kuonea mbali, na iwe ya vioo vigumu vya usalama. Ile yenye nguvu tofauti juu na chini ya kioo kimoja sipendi kuivaa nikilenga, maana kichwa hujikuta kinainuka kutafuta sehemu ya kusomea, na mkao wote unaharibika.

Sasa ukubwa wa nukta, jambo ambalo vijana wa madukani hulirahisisha mno. Mwenye mvi akiingia tu, anauziwa nukta kubwa. MOA 1 ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Katika yadi 25, ambazo ni karibu mita 23, inafunika kama milimita 6.6. Nukta ya MOA 2 hapo inafunika sentimita 1.3, na ya MOA 6 inafunika sentimita 4. Mimi hupiga karatasi ya shabaha ya B-8, ambayo duara lake la X, lile la katikati kabisa, lina upana wa sentimita 4.3. Nukta kubwa basi inaliziba duara karibu lote. Hilo halikuzuii kupiga katikati, maana unalenga kwa kitovu cha nukta na si kwa kingo zake. Tena nukta kubwa ina faida yake: inaonekana upesi, na mtikisiko mdogo wa mkono hauonekani sana ndani yake, kwa hiyo mtu hababaiki akafyatua kwa pupa. Lakini ukitaka risasi zikae pamoja kwa mbali, nukta ndogo inakuonyesha zaidi ulipo.

Uzuri wa 507C ni kwamba hulazimiki kuchagua siku ya kununua. Ukishikilia kitufe cha kupunguza mwanga kwa sekunde chache, inabadilika: nukta peke yake, mduara peke yake, au vyote pamoja. Na huu mduara ndio ninaoupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye kifaa hiki. Katika yadi 25 una upana wa sentimita 21 hivi, na duara jeusi la katikati ya B-8 lina sentimita 14. Ukiinua bastola, weusi unakaa ndani ya mduara, na ukingo wa karatasi nyeupe unabaki kuuzunguka pande zote. Jicho, hata la mzee, lina kipaji cha kutambua duara lililokaa katikati ya duara. Linajipanga lenyewe kabla hujafikiri, halafu nukta ndogo inamalizia kazi. Siku ambayo macho yamechoka, mimi hulenga kwa mduara tu.

Kama nukta unaiona ina mikia, au kama mkato, au imekuwa nukta tatu zilizoshikana, usikimbilie kuirudisha dukani. Hakikisha bastola haina risasi, kisha ipige picha nukta kwa simu kupitia kioo. Ikitoka duara kwenye picha, basi tatizo liko kwenye jicho lako: ni astigmatizimu, yaani uso wa jicho haukupinda sawasawa pande zote. Mwambie daktari wa macho unataka miwani ya mbali inayorekebisha hilo kikamilifu. Mpaka uipate, punguza mwanga. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko ukubwa wa nukta. Nukta ya MOA 2 ikiwashwa kupita kiasi hutapakaa ikawa kubwa kuliko ya MOA 6. Ishushe hadi uione kwa shida kidogo juu ya weusi, itarudi kuwa nukta. Ndiyo maana nimeondoa mfumo wa mwanga kujirekebisha wenyewe. Huo hupima mwanga wa pale uliposimama, na katika uwanja wa ndani mpigaji anaweza kuwa kwenye giza huku karatasi imemulikwa, au kinyume chake.

Kuna toleo la kijani pia. Jicho la binadamu huhisi kijani kwa wepesi kuliko nyekundu, na rafiki yangu wa Kisumu hataki kusikia rangi nyingine. Mimi nimebaki na nyekundu kwa sababu uwanja wetu wa nje una majani, na wakati wa mvua kijani humezwa.

Betri ni CR1632, na huingia kwa pembeni, kwa hiyo huhitaji kukifungua kilengeo kutoka kwenye bastola na kuanza kuilinganisha nukta na risasi upya. Kila mbofyo wa kuisogeza nukta ni MOA 1. Skrubu za kukishikilia kwenye bastola ziwekwe na fundi, kwa gundi ya skrubu, na uchore alama ya rangi ili uone zikilegea.

Baada ya hapo kazi inabaki kwako. Fungua macho yote mawili na utazame shabaha, usiifukuze nukta. Mimi hubandika kipande cha karatasi mbele ya kioo nikifanya mazoezi nyumbani na bastola tupu: jicho moja linaona nukta, jingine linaona shabaha, ubongo unaviunganisha. Ukianza kuikodolea nukta, shabaha inapotea papo hapo. Kwa sisi tuliofundishwa kukazia macho ncha ya mbele, hili ndilo gumu kuliko yote, na hakuna dola 300 zitakazokufanyia.

Mwenye astigmatizimu kali ambayo hata miwani haiitulizi, kwenye bunduki ndefu atafute kilengeo cha prizimu, ambacho alama yake imechorwa kwenye kioo na kina pete ya kurekebisha kulingana na jicho. Kwenye bastola, mduara wa 507C ndio msaada mkubwa niliouona.