Kompyuta ya kazi za Arduino, ESP32 na STM32: ipi ununue?

Ingia duka lolote la Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, useme unatafuta laptopu ya kuandikia programu za bodi, yaani vibao vidogo vya elektroniki vyenye chipu unayoipangia kazi, kama Arduino, ESP32 na STM32. Wataanza kukuonyesha za wacheza gemu, zenye taa za rangi kwenye kibodi. Ziache. Chipu ya Arduino Uno R3 ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu. Kadi ya grafiki haina kazi hapo. Tafuta RAM ya GB 8 au zaidi, diski ya SSD, na matundu ya USB yasiyolegea. Fedha itakayobaki iende kwenye vifaa vya kusakia hitilafu.

1. ThinkPad T480 ya mtumba. Ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, tena bila kusita. Ni ya 2018, na nyingi zina Intel kizazi cha nane, ambacho Windows 11 inakikubali rasmi. T470 iliyoitangulia haimo kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. RAM unaongeza mwenyewe kwa bisibisi. Ina matundu mawili ya USB ya kawaida na mawili ya aina ya C, na betri ya nje unaweza kuibadilisha mashine ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa nyingine imo ndani. Umeme ukikatika, unaendelea.

Kabla ya kulipa, ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Ikidai nenosiri, ondoka, hata muuzaji akiapa kuwa kuna fundi wa kuliondoa. Kisha chomeka flashi kwenye kila tundu na uitikise kidogo. Tundu bovu litakufanya uilaumu bodi wiki nzima.

2. HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490. Kizazi kilekile. Chukua iliyo nzima zaidi kati ya hizo. Tofauti kubwa na T480 ni betri, ambayo imefungiwa ndani.

3. Kompyuta ndogo ya mezani, mfano Dell OptiPlex Micro. Matundu ya USB ni ya kumwaga. Lakini piga hesabu ya skrini na UPS (betri ya akiba ya umeme) kabla hujaiita rahisi.

4. MacBook Air M1. Mashine nzuri sana, ila ina matundu mawili tu, yote ya aina ya C, na RAM haiongezeki. Microchip Studio, programu ya kuandikia chipu kama ya Uno R3, nayo ni ya Windows peke yake. Kama unayo tayari, itumie. Kwa kazi hii pekee usiinunue.

5. Raspberry Pi 4 au 5, kompyuta nzima kwenye kibao kimoja kidogo. Najua ina mashabiki wake. Kwa kuandika MicroPython (Python ya bodi ndogo) kwa programu ya Thonny, kwenye bodi ya Pico, inatosha kabisa. Mradi mkubwa wa lugha ya C utakuchosha, na umeme wa kukatikakatika huharibu kadi za SD zinazobeba mfumo wake.

Chromebook sijaiweka kabisa.

Kuhusu mfumo, mimi ni mtu wa Linux. Draiva ya CH340, chipu ya kuunganisha bodi na USB iliyojaa kwenye Arduino za bei nafuu, imo humo tayari. Windows inaweza kukudai uisakinishe. Kwenye Linux jiingize tu kwenye kundi la *dialout*, la watumiaji wanaoruhusiwa kuwasiliana na bodi, utoke na kuingia upya. Kwenye Ubuntu 22.04, toleo moja la Linux, bodi ikigoma kuonekana, mshuku brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu, ambayo huinyakua CH340. Kama huihitaji, iondoe.

Sasa vifaa. STM32 inataka ST-Link, kifaa cha kuiingizia programu na kusakia hitilafu. Hata nakala za bei ndogo hufanya kazi. Mwenye Pico anunue ya pili, kwani moja inageuzwa kuwa ya kuichunguzia nyingine. ESP32-S3 na C3 zina JTAG ya USB (njia ya kuichunguza programu ikiendelea kufanya kazi) ndani ya chipu, hivyo kwa anayeanza leo ningezipendekeza kuliko ESP32 ya kwanza, inayodai kifaa cha pembeni. Kwenye Uno R3 utaishi kwa *Serial.print*, yaani kuiamuru bodi itume ujumbe kwenye skrini ya kompyuta.

Usisahau kebo. Nyingi zinazouzwa na chaja za simu hazina nyaya za data: taa ya bodi itawaka vizuri, kompyuta isione kitu. Ijaribu kwa kuhamisha picha kutoka kwenye simu, palepale dukani.