Kuhesabu chekechea: pipi au vizibo vya soda?

Walimu wenzangu wa chekechea, hili la pipi darasani naona linashika kasi, sasa ngoja niliweke pembeni ya vizibo vya soda tuone. Pipi kweli zinavuta watoto, ukimwaga za rangi rangi mezani hata yule mkimya anasogea, anapanga nyekundu huku njano kule, anahesabu, anakwambia zipi nyingi, na hapo hujagusa sayansi, maana ukiziweka kwenye sahani ukamwagia maji ya uvuguvugu rangi inaanza kutoka inasambaa wanaona kwa macho yao kitu kinavyoyeyuka. Hilo kizibo hakiwezi.

Lakini kuhesabu kila siku? Hapana jamani, vizibo. Unaviomba bure dukani, unaviosha, unagonga zile kingo zenye meno zilale zisikwaruze vidole, vinakaa mwaka mzima. Pipi unamwambia mtoto tano toa mbili kashakula tatu, halafu kuna wazazi hawataki kabisa na wana haki, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtoto hiyo inafika haraka sana. Na pipi ngumu ya duara inaweza kumkaba mtoto mdogo koo, hilo ndo linanitisha zaidi. Vizibo navyo wanatia mdomoni so usiondoke mezani.

Mimi pipi nabakisha kwenye somo la kuyeyuka tu, sahani moja kila meza.