Triga mpya kwenye Glock 17: nilichobakiza na nilichorudisha kwenye boksi

Nianze na namba, maana matangazo ya triga hujaa maneno kama "laini" na "safi" ambayo hayapimiki. Bastola ni Glock 17 ya kizazi cha nne, vipuri vyote vya kiwandani. Kwa mizani ya ndoano, wastani wa mivuto kumi ulikuwa kilo 2.6. Nilipofunga seti nzima, yaani triga ya alumini yenye uso bapa, konekta na springi mbili, wastani ulishuka hadi kilo 1.7. Kisha nikatoa kipuri kimoja baada ya kingine na kupima upya, nijue kipi kinafanya kazi na kipi kinakula hela bure.

Konekta peke yake iliondoa takriban gramu 400. Ni kibati kidogo kilichokunjwa. Kazi yake ni kusukuma upau wa triga, yaani kipande kinachounganisha triga na pini ya kupigia, ushuke mpaka uiachie pini hiyo igonge risasi, na pembe ya mkunjo wake ndiyo inayoamua kidole kitumie nguvu kiasi gani. Ukitaka kununua kitu kimoja tu, nunua hicho.

Springi zinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye Glock za vizazi vinne vya kwanza, springi ya triga haishindani na kidole, inakisaidia kuvuta. Kwa hiyo ukiweka yenye nguvu zaidi, triga inakuwa nyepesi, na ukiweka dhaifu ukidhani unapunguza uzito, inakuwa nzito. Inayoshindana na kidole ni springi ya pini ya kupigia, kwa sababu mvuto wa triga ndio unaomalizia kuivuta pini nyuma. Ya kiwandani ina nguvu ya kama kilo 2.5. Ile ya kwenye seti ni dhaifu zaidi, nayo ndiyo iliyonipa gramu 300 za mwisho. Lakini gramu hizo zinalipiwa: pini inagonga fataki, kidude cha kuwasha baruti kilicho kitakoni mwa risasi, kwa nguvu ndogo. Okota maganda uyakague. Kishimo kwenye fataki kikiwa kimezama vizuri, sawa. Kikiwa cha juujuu kama alama ya kalamu, risasi zenye fataki ngumu zitaanza kukataa, hasa mfereji wa pini ukishajaa mafuta na masizi. Kwa bastola ya kujilinda mimi siigusi springi hiyo kabisa.

Sasa uso bapa. Watu husema ni mwepesi, na kidole kinakubali, ila mizani haikubali. Triga ni wenzo: kadiri unavyovuta karibu na ncha ya chini ndivyo nguvu inayohitajika inavyopungua, na uso bapa unakaribisha kidole kishuke. Shusha ndoano ya mizani milimita tano tu usomaji unabadilika, kwa hiyo anayekupa namba bila kusema alipima wapi hajakupa kitu. Faida halisi ninayoiona ni kwamba kidole kinatua mahali palepale kila mara.

Uzito wa triga yenyewe nao si jambo dogo. Mwaka 2017 SIG Sauer walitangaza maboresho ya hiari ya P320 baada ya kuonekana kwamba bastola ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Sehemu ya marekebisho ilikuwa triga nyepesi, kwa sababu triga nzito huendelea kusogea kwa msukumo wake wakati bastola imeshasimama. Glock ina ulimi wa usalama katikati ya triga kuzuia hilo, ila ulimi huo unafaa tu ukiwa umekaa sawasawa. Wa seti yangu ulikuwa unachezacheza, na nikivuta ukingo wa triga bila kuugusa, triga ilisogea. Sikuendelea nayo.

Skrubu za kurekebisha mwendo wa triga zinatisha zaidi. Moja inapunguza mwendo wa bure kabla ya triga kukaza. Ukiikaza kupita kiasi, upau unasogea nyuma na kutoka kwenye kingo inayozuia pini isiachiwe bastola ikianguka. Nyingine inazuia triga isiende mbali baada ya kufyatuka. Ikikazwa sana, uchafu kidogo tu unatosha bastola isifyatuke. Tumia gundi ya kuzuia skrubu isilegee, chora mstari wa rangi juu ya skrubu, na uutazame kila unaposafisha.

Baada ya kufunga chochote, toa magazini, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, peleka risasi chumba kingine, kisha jaribu hivi. Vuta ukingo wa triga bila kugusa ulimi: isisogee. Vuta na ushikilie, rudisha slaidi nyuma kwa mkono, achia kidole polepole: usikie mlio wa triga kushika tena, na mvuto unaofuata ufyatue. Vua slaidi, sukuma pini mbele bila kubonyeza kizuizi chake: ncha isitokeze. Jaribio moja likishindwa, rudisha vya kiwandani. Yote yakipita, piga angalau risasi 200 za aina utakayobeba. Na kama sheria ya ulipo inataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, mpelekee pamoja na vipuri vyako vya zamani.

Kwa mashindano, konekta na springi ya triga zinastahili bei yake. Soma kwanza kanuni za kundi lako, maana kuna makundi yanayoweka uzito wa chini wa triga. Kwa anayepiga risasi 50 kwa mwezi, seti nzima ni hela ya risasi iliyopotea. Matundu ya risasi yanayotawanyika chini kushoto mwa shabaha kwa mtu wa mkono wa kulia mara nyingi ni kidole kinachonyakua, na kufyatua bila risasi mara 20 kila jioni kunakirekebisha kuliko alumini yoyote.

Yangu sasa inapima kilo 2.0. Triga ya plastiki imerudi, springi ya pini ni ya kiwandani.